Udi Niliowafukizia Farasi wa Mume Wangu

Nina miaka ishirini na sita, wasomaji wenzangu, na ninakaa kwa baba yangu Pongwe, katika chumba kile kile nilichotoka siku ya harusi yangu. Wapo wanaosema nilifumaniwa. Wapo wanaosema nilimroga mume. Laiti wangejua kwamba niliachwa kwa sababu ya farasi ambao hata majani hawali!

Sisi ni Wabondei, Wakristo, na baba amefanya kazi katika mashamba ya mkonge tangu sijazaliwa. Seif alikuwa na duka la nguo Ngamiani, Mwarabu wa ukoo wa Oman. Aliponiposa, ndugu zake walikaribia kupasuka kwa hasira. Nikasilimu, nikaitwa Rehema. Nilimpenda, naye alinipenda, hilo silifichi hata leo.

Aliyechukia kuliko wote ni wifi yangu Salma, dada yake mkubwa, mjane aliyekaa nasi nyumba moja. Alikwisha kumchagulia nduguye binti wa ami yao. Lakini hakunitukana hata siku moja! Alinifundisha kupika biriani, kujitanda buibui, na kufukiza nguo. Unatia makaa katika chetezo, unadondosha udi, unakifunika kwa tenga, kisha unatandaza nguo juu ya tenga ziingie moshi. Nami, mjinga wa watu, nikadhani nimepata dada.

Seif alikuwa na ugonjwa mmoja tu... mchezo wa vita vya mezani. Tangu utotoni alikuwa na farasi wadogo wa madini ya risasi, wenye askari mgongoni na panga mkononi. Alipokuwa mtu mzima akaagiza wengine kutoka Ulaya, wa plastiki, wepesi, miguu yao myembamba kama vijiti vya kibiriti. Aliwapaka rangi mmoja mmoja, hata masharubu ya askari aliyachora. Rafiki yake, Bwana Nassor, mwenye shamba huko Maramba, alikuwa na jeshi lake. Walikutana kila Ijumaa, wakapima mwendo wa farasi kwa uzi na kurusha kete kujua nani kafa. Watu wazima na ndevu zao! Mwanzoni nilicheka.

Niliacha kucheka siku alipopotea farasi wa jemadari. Seif aliipekua nyumba nzima, akapindua hata magodoro. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wifi na majirani.

"Rehema, ukigusa tena farasi wangu, mimi na wewe basi!"

Sikuwa nimemgusa. Nililia, nikaapa, lakini nani alinisikiliza? Tangu siku hiyo nilifagia chumba kile mkono mmoja nimeuweka nyuma, nikiogopa hata upindo wa kanga yangu usije ukaangusha kitu. Ndoa yangu ilikuwa imesimama juu ya ile miguu myembamba, nami nilijua.

Ikafika Ijumaa moja ambayo Bwana Nassor alikuwa aje na jeshi jipya. Seif alikuwa amepaka rangi wiki nzima, chumba kinanuka tapentaini mpaka macho yanawasha. Akaenda msikitini. Mara wifi akanijia jikoni.

"Hujafukiza chumba, mwenzangu? Na hao farasi wanuka rangi, na mgeni yuaja!"

Nikamwambia anajua fika kwamba nimekatazwa kuwagusa.

"Seif mwenyewe kaniachia maneno akitoka. Kasema wafukizwe, kama marehemu mama alivyokuwa akiwafukiza. Au wataka ndugu yangu aaibike?"

Ni kweli mama yao alikuwa akiwafukiza farasi kila akija mgeni. Seif mwenyewe alinihadithia. Lakini wale walikuwa wa risasi! Mimi ningejuaje tofauti? Nilifikiri... kumbe mume wangu amenisamehe! Amenirudishia imani! Moyo ulijaa furaha, ndiyo maana sikuuliza zaidi.

Wifi akapuliza makaa kwa mdomo wake mwenyewe. Nikawapanga farasi juu ya tenga, kwa heshima, kama ninayepanga vikombe vya harusi. Akaniambia niwafunike kanga, moshi usipotee. Kisha akasema anakwenda kuoga.

Nilipofunua... Ee Mola wangu! Farasi walikuwa wamepiga magoti. Wengine wamelala kifudifudi, panga zimepinda kama mikia ya mbuzi. Nilimshika mmoja nimnyooshe, mguu ukakatika. Na papo hapo nikasikia "Hodi!" mlangoni. Sauti ya Bwana Nassor, na nyuma yake kicheko cha mume wangu.

Kicheko kile kilikatika alipoona tenga. Akauliza nani kanituma. Nikamwambia, "Ni wifi, kwa maneno yako wewe." Wifi akatoka ndani, kajitanda, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hajasema neno.

Seif alinigeukia mimi. Nilimwona akifungua mdomo, nikataka kuuziba kwa kiganja changu... nilichelewa.

"Nimekuacha! Talaka tatu!"

Nikaketi pale pale sakafuni. Bwana Nassor, kwa haya, akainama kuwatazama farasi.

"Lakini Seif, hawa hawajafa," akasema. "Wangu walilegea hivi hivi garini, kwa jua la njiani. Nipeni maji ya moto."

Wifi ndiye aliyeleta sufuria. Bwana Nassor alimtia farasi mmoja majini, akamnyoosha taratibu, akamtia kwenye maji baridi. Akasimama! Akamtia wa pili, naye akasimama. Wifi alikodoa macho, akajisahau.

"Kumbe! Mbona yule niliyemwekea pasi nilimtia maji akakataa?"

Bwana Nassor akamweka farasi chini.

"Yupi huyo, dada?" Seif akauliza.

Wifi akajiziba mdomo, lakini wapi! Farasi wa jemadari alikuwa ameharibika chini ya pasi yake ya mkaa, naye akamficha. Alijua vizuri sana moto unawafanya nini.

Seif akanijia huku akilia, akanyoosha mkono anishike. Bwana Nassor akamzuia.

"Usimguse, Seif. Si mkeo tena."

Walikwenda kwa sheikh, naye akasema yale yale, talaka tatu hazina kurudiana. Baba alikuja kunichukua, hakunilaumu. Wifi yumo katika nyumba ile mpaka leo, na binti wa ami yao ndiye anayepika biriani. Kuna siku namchukia Salma mpaka chakula hakipiti. Lakini, niwaambie ukweli, Salma hakuniacha. Aliyeniacha ni Seif.

Dada zangu, ukiletewa agizo la mume wako kwa mdomo wa mtu mwingine, ngoja arudi umwulize mwenyewe, hata kama mgeni yuko mlangoni. Na nyinyi waume, nawaomba kwa machozi haya... kabla hujafungua mdomo, chemsha maji kwanza! Wale farasi walinyooka wote, isipokuwa yule niliyemvunja mguu. Huyo niliondoka naye kiganjani bila kujua. Ninaye hapa Pongwe, na hakuna aliyewahi kuja kumwulizia.