Nimekosa Nini?

Kila alipotoka shule, Chiriku alisimama kwanza mlangoni kwao akatega sikio. Akisikia mama yake anaimba, aliingia, akabadili nguo na kuosha vyombo. Akisikia masufuria yanagongwagongwa, alimshika mdogo wake mkono, wakageuza njia. Jina hilo alipewa kwa kupenda kuongea, lakini siku hizi ungemdhania bubu.

Siku moja mama alikuwa anaimba, wakaingia. Mdogo wake akamwaga chai mkekani. Wimbo ukakatika. Mama akanyakua mwiko, macho yamembadilika, na Chiriku akajitupa mbele ya mdogo wake. Mwiko ulimpata mkononi. Wakatimua mbio bila viatu.

Walikimbilia kwa shangazi yao, fundi cherehani. Mshona viatu, aliyefanya kazi kibaraza kimoja naye, aliwasogezea benchi bila kuuliza kitu, akamfuta mdogo machozi.

"Mzee mwenzangu," alimtania, "unakuja kwangu miguu mitupu, nishone nini sasa?"

Mtoto akatabasamu kidogo. Shangazi alimkanda Chiriku mkono uliovimba, akawapa chakula. Kisha, kama kawaida yake, akajitanda mtandio.

"Twendeni nikawaombee msamaha kwa mama yenu."

Chiriku hakuinuka. Kila mara ilikuwa hivyo. Shangazi aliwarudisha, mshona viatu aliwahi kuwarudisha, hata mwalimu. Wote walisema, "Wasamehe, hawatarudia." Mama alilia, akawakumbatia, wakubwa wakaondoka wameridhika. Baada ya siku chache, masufuria tena. Baba yao, dereva wa lori, akipigiwa simu alisema tu, "Vumilieni."

"Siendi," alisema Chiriku.

"We mtoto! Mama ni mama."

"Najua, shangazi. Nampenda. Lakini nimekosa nini? Na huyu kakosa nini? Niambie, nikaombe msamaha mwenyewe."

 Shangazi akamgeukia mshona viatu. Mzee alikuwa ameinamia kiatu, sindano imesimama.

"Hawana kosa," alisema polepole. "Sisi ndio tunaowarudisha kwenye mwiko, halafu tunajiona wema."

Shangazi akauvua mtandio, akachukua simu.

"Kaka, watoto wanalala kwangu. Rudi tumpeleke mkeo hospitali, hali yake si ya kawaida. Na usiniambie nivumilie. Kesho naenda ustawi wa jamii, uje usije."

Alikwenda kweli, na mshona viatu akafunga kazi kumsindikiza. Majirani wengine walinong'ona kwamba shangazi ameiba watoto wa watu. Baba alirudi amenuna, lakini alirudi. Hospitalini ikaonekana mama ana maradhi ya akili, akaanza matibabu. Watoto walibaki kwa shangazi. Walimtembelea mama yao wakiwa na mtu mzima, na siku nyingine Chiriku alirudi na hasira, kwa sababu kupona hakukuwa kwa haraka kama alivyotaka.

Jioni moja walipotoka huko, shangazi aliwaketisha pande zake mbili.

"Mama yenu anaumwa, na mgonjwa hutibiwa. Lakini ugonjwa wake si kosa lenu, na mtoto aliyeumizwa harudishwi ili kuwafurahisha wakubwa. Kuwalinda ni kazi yetu sote, ndugu na majirani. Mkiumizwa, semeni. Mkubwa wa kwanza asiposikia, mwambieni wa pili. Naye akiziba masikio, nendeni kwa wa tatu, mpaka apatikane mtu wa kuinuka."