Zulia Lililokatwa Kona

Mama yangu alikuwa akisema ana mke mwenza, na mke mwenzake ni Pijo 403. Hakuwa anatania sana. Gari lile liliachwa na meneja wa shamba moja la mkonge alipofunga virago baada ya Azimio kutaifisha mashamba, injini nzima, sakafu bati tupu. Baba yangu, Abdulrahmani Likwata, alikuwa fundi wa magodoro na viti vya magari hapa Mitwero, na bati lile aliliona ni fedheha. Alidhani watu wanamsema. Wapi! Mwaka ule wa 1974 watu walikuwa na mengine ya kusema.

Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto. Vitongoji vya upande wa Sudi vilikwishahamishwa, watu wamepangwa mistari kando ya barabara, na mimi, mwalimu wa kisomo, nilikuwa nikifundisha watu wazima kuandika majina yao katika kijiji kipya ambacho chenyewe hakijapata jina. Zulia la gari ungelipata wapi? Hata khanga ilikuwa ya foleni.

Alhamisi moja asubuhi baba mdogo Dadi akaingia uani na baiskeli, nyuma amefunga zulia jekundu, zito, la manyoya.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, Samia. Niitie ndugu yangu aone nilichomletea."

Dadi na baba hawakutoka tumbo moja. Mama yake baba alifariki akimzaa, na Bi Somoe, mama yake Dadi, akawanyonyesha wote wawili, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile. Kwetu ndugu wa kunyonya ni ndugu kamili, hata watoto wao hawaoani. Bi Somoe alifariki baba akiwa safarini Tanga, asiwahi hata kumtia udongo, na jambo hilo lilikuwa likimliza mpaka siku ile.

"Umelipata wapi?" baba aliuliza.

"Kwa mtu anayehama."

Nani hakuwa anahama? Baba akacheka kwa furaha. Akaona kona moja imekatwa.

"Panya," alisema Dadi.

Kazi ikaanza palepale. Baba alikata vielelezo kwa karatasi za mifuko ya saruji, akavibonyeza katika kila pembe ya sakafu mpaka vikakaa, ndipo akavihamishia kwenye zulia kwa chaki. Vikatoka vipande sita. Chini alitandika magunia ya korosho ili bati lisilile zulia. Kingo alizipinda kwa turubai na kuzishona kwa mkono. Dadi alimshikia zulia mkasi ulipokuwa ukipita, lakini alilishika kwa kitambaa. Alisema mikono yake ina jasho.

Kesho yake, Ijumaa, baba alikwenda kuswali mjini kwa gari. Aliporudi nilichukua ndoo nifute vumbi. Nikafungua mlango. Manyoya ya zulia yalikuwa yamelala mahali patano. Magoti mawili nyuma ya kiti. Viganja viwili mbele, vidogo, vidole vimeachana. Na duara la paji la uso, pale pale dereva anapoweka kisigino.

Nafasi ile haimtoshi hata mtoto kusujudu. Kiti kiko katikati.

Nilichukua brashi nikayainua manyoya. Baba akaligeuza gari alitie kivulini. Nilipotazama tena, alama zilikuwa zimerudi, ila zimegeuka. Gari sasa liliipa bahari mgongo, na alama zilikata sakafu mlango kwa mlango. Paji la uso halikuhama. Magoti ndiyo yalikuwa yamezunguka. Nilisimama nikahesabu jua liko wapi.

Zilielekea kibla.

Sikumwambia baba. Nilijiona mjinga, mwalimu mzima. Jumatatu akalalamika kwamba vidole vya mguu wa kulia vina ganzi. Jumatano hakuisikia breki, akapanda tuta la mihogo ya jirani. Alisema viatu vimebana. Akavua viatu, ganzi ikapanda hadi kwenye vifundo. Wiki iliyofuata alikuwa akiitazama miguu yake ndipo ajue iko wapi. Fundi wa cherehani ya kukanyaga, bila miguu, atakula nini? Nilimsikia akimuuliza mama swali hilo.

Siku ya mwisho ya baba kuendesha kabla miguu haijamshinda kabisa, tulimpakia njiani bibi mmoja aliyekuwa jirani wa Bi Somoe kule kitongojini kwao kabla hakijahamishwa. Alikaa nyuma. Akainama kuweka kikapu chake, kisha akaikunja miguu yote miwili juu ya kiti.

"Abdulrahmani," alisema polepole, "mbona mnakanyaga zulia la Somoe?"

Baba akasimamisha gari.

"Nilikwenda naye mwenyewe kulinunua. Korosho za misimu mitatu. Akaliwekea wakfu pale msikitini kwetu ili thawabu zimfuate kaburini. Kwenye kona aliliandikisha jina lake kwa uzi mweupe."

Kona iliyokatwa.

Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakigawanywi. Baba alijua hivyo tangu utotoni. Alikuwa amelitia mkasi, na kwa siku kumi na tisa alimkanyaga usoni mwanamke aliyemnyonyesha.

Tulimkuta Dadi kwenye kibanda chake kipya, anapaka udongo ukutani. Alipoona baba anashuka garini kwa kushikilia mlango, akajua.

"Msikiti umebaki na popo," alinong'ona. "Niliona linaoza bure. Nikalitandika kwangu. Nililala nalo siku nne tu. Kila alfajiri mama ananisujudia kifuani. Nilikuwa siwezi kupumua."

"Ukaniletea mimi," alisema baba.

"Wewe angekusamehe. Wewe ndiye aliyekuwa akikupenda."

Wapo wanaosema shetani aliwapitia. Dadi hakupitiwa na mtu. Alichukua kisu, akakata jina la mama yake, akalifunga zulia kwenye baiskeli na kupanda vilima vyote vile kumletea ndugu yake kifo. Nilikuwa nimemwamkia mtu yule tangu nianze kusema. Nilitamani kuzirudisha shikamoo zangu zote. Baba hakumtukana. Alinyoosha mkono tu, na Dadi akachomoa ile kona katika makuti ya paa, akampa.

Baba alishona siku nane, amekaa chini, miguu kanyoosha mbele kama si yake. Kipande kwa kipande. Mwisho akaitia kona.

Siku ya tisa, alasiri, Dadi akatuendesha hadi kitongojini. Nyumba hazina paa. Mihogo imeota vyumbani. Akambeba baba mgongoni hadi msikitini, akalitandika zulia. Mimi nilibaki mlangoni.

Wakaswali bega kwa bega, baba amekaa. Sijida ya mwisho baba akainuka. Akatoa salamu. Akaweka kiganja chini, akasimama. Kwa miguu yake. Nililia kwa sauti.

Dadi hakuinuka.

"Ndugu yangu," alinong'ona, uso chini. "Ninyanyue."

Baba akamtazama.

"Kuna mkono kisogoni."

Sikuona mkono. Niliona shingo yake inavyobonyea.

"Ni wa mama?" aliuliza baba.

"Ndiyo."

"Basi zungumza naye."

Akatoka. Akavaa viatu. Nikamwambia, baba, tunamwacha? Akawasha gari. Nami nikapanda, Mungu anisamehe, nikafunga mlango.

Mgambo walimtoa Dadi pale mara tatu na kumrudisha kijijini. Mara tatu alfajiri wakamkuta msikitini, amesujudu. Mwishowe wakachoka. Aliishi huko peke yake miaka kumi na mmoja, anafagia, anaadhini, haswalishi mtu. Baba alikuwa akimpelekea chumvi na sabuni, anaviweka mlangoni, anarudi. Hawakusemezana tena.

Alipofariki, ni baba aliyemimina maji walipokuwa wakimwosha. Walipomgeuza wakaona kisogoni ngozi imelala, vidole vitano vidogo vya mwanamke. Wakasugua. Havikutoka.

Maiti ilikuwa imelala usiku kucha, imepoa kabisa. Baba aliweka mkono wake juu ya vile vidole. Aliniambia vilikuwa vya moto.