Aliyelala Kitandani kwa Candida

Duka la vitenge la Mama Jacque liko mtaa wa Kongo, Kariakoo, na mimi nimeuza pale miaka sita. Mama ni Mchaga wa Machame, mimi mtu wa Lindi, lakini alinipa chumba nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, mtaa wa Likoma. Niliishi na mabinti zake wawili kama ndugu. Jacqueline, mkubwa, tulikuwa rika moja. Candida alimfuata kwa miaka miwili. Wote walisoma chuo kimoja hapa hapa mjini.

Habari ilikuja Jumanne tu ya kawaida, tunapanga mzigo mpya kwenye rafu. Candida aliingia mbio, simu kaiinua juu. Amechaguliwa! Mwaka mzima kwenye chuo kimoja huko Ufini, mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mama alipiga vigelegele mpaka wenye maduka ya jirani wakaja kuchungulia. Jacqueline alimkumbatia mdogo wake kwa nguvu. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikaiona mikono yake mgongoni mwa Candida. Alikuwa amekunja ngumi.

Kuna jambo Mama hakulijua. Nafasi ile Jacqueline aliiomba mara mbili, akakosa mara mbili. Na barua iliyompeleka Candida, aliiandika Jacqueline. Mdogo mtu alimwomba amrekebishie Kiingereza tu. Yeye akaiandika yote upya, akidhani haitafika popote.

"Mwanne," aliniambia jioni ile, "maneno ni yangu. Anayeenda ni yeye."

Miezi ya mwanzo Candida alipiga simu analia. Baridi, jua linazama saa tisa alasiri, chakula hakina ladha, hana wa kuongea naye. Siku hizo Jacqueline alikuwa mchangamfu kweli, anamtuliza huku anatabasamu. Kisha Candida akazoea. Akapata kundi la kupika pamoja kila Ijumaa, akawapikia pilau. Mwalimu akamsifu mbele ya darasa. Picha zikawa zinamiminika: maktaba, theluji, kitanda cheupe kando ya dirisha. Jacqueline alizikuza kwa vidole viwili, akatazama mpaka simu ikazima yenyewe.

"Pale ni pangu," alikuwa akisema.

Sitajificha. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Bi Tatu. Mimi niliishia darasa la saba, na zile picha ziliniuma pia.

Bi Tatu ni fundi cherehani, Jangwani, ila sokoni walisema wengi hawamfuati kwa nguo. Chumba chake kina alama ya maji ya mafuriko ukutani, usawa wa kifua. Tulimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, mguu unakanyaga cherehani.

"Unataka afe?" alimuuliza Jacqueline.

"Hapana! Ni mdogo wangu. Nataka niwe pale alipo."

"Na yeye akae wapi?"

"Asogee."

Cherehani kikanyamaza.

"Lala kitandani kwake, jua likiwa la utosini. Jifunike nguo yake. Jiite jina lake mara tatu, uitike mwenyewe. Mtu akikuita kwa jina lako, usiitike."

"Mpaka lini?"

Bi Tatu alirudi kwenye kushona. 

Toka siku hiyo, kila mchana Jacqueline, aliyekuwa akinisaidia dukani, aliniachia duka akapanda nyumbani. Siku moja nilimfuata, nikasikiliza mlangoni. "Candida." "Abee." "Candida." "Abee." Sauti zote mbili zilikuwa zake. Nikacheka kidogo, nikashuka.

Wiki ya pili nilisikiliza tena. Aliyeita alikuwa Jacqueline. Aliyeitika hakuwa yeye.

Akaanza kubadilika. Nje jua linachoma, yeye mikono ya baridi kama samaki wa Feri aliyetoka kwenye barafu. Midomo ilimpasuka. Akanisimulia jiko la bweni linavyonuka kahawa asubuhi, na kikombe cha jirani wa Candida, Mkorea, kilichovunjika mkono. Kikombe hicho hakikuwa kwenye picha yoyote.

"Jacque, inatosha," nilimwambia. "Acha."

"Siwezi. Kesho nina kipindi."

Usiku huohuo Candida alinipigia. Alikuwa ananong'ona.

"Mwanne, usimwambie mama. Maktaba ya huku mlango unafunguka kwa kadi. Yangu inakataa. Wananiambia kwenye kompyuta nimeshaingia."

"Labda imeharibika."

"Juzi niliumwa, nilishinda ndani. Wenzangu wanasema nilikaa mbele darasani, nikajibu maswali yote."

 Nilijua, ila sikumwambia.

Alhamisi iliyofuata, saa saba mchana, joto la Februari limebana, nilikuwa nyumbani nachukua chakula. Simu ikaita. Ya video. Candida alikuwa amejibanza kwenye korido, koti mabegani, macho yamemtoka.

"Da Jacque yuko wapi?"

"Amelala. Chumbani kwako."

"Mwangalie."

Nilisukuma mlango. Jacqueline alikuwa amejifunika khanga ya njano ya Candida mpaka kichwani. Amegeukia ukuta.

"Yupo," nilisema.

 Candida aligeuza kamera. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Kitanda cheupe. Juu yake, mtu. Khanga ya njano mpaka kichwani. Amegeukia ukuta.

Nilitazama simu. Nikatazama kitanda. Khanga ilipanda, ikashuka. Na kule ilipanda. Ikashuka.

"Jacqueline," niliita.

Kimya.

"Jacque, amka!"

Kimya.

"Mvue hiyo khanga," Candida alinong'ona. "Mwanne, nakuomba."

Niliweka simu sakafuni, nikaishika. Ilikuwa ngumu kama ubao. Niliivuta kwa mikono miwili, ikatoka. Jacqueline alikuwa macho wazi. Nyusi zake nyeupe kwa barafu. Alikuwa hapumui tena.

Nikaiokota simu. Kule khanga ilikuwa bado inapanda. Inashuka.

Kisha yule wa kule akaketi. Akanyanyuka, uso umefunikwa, akaja mpaka mlangoni. Akaufunga taratibu, usoni mwa Candida. Nikasikia ufunguo unazungushwa kwa ndani.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Lakini alituita pembeni, akauliza mara mbili tulikuwa tumemhifadhi kwenye jokofu gani.

Tulimzika Machame. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, akinishika mkono, akinishukuru kwa kuwa dada mwema kwa mwanawe.  Mpaka leo sijamwambia ukweli. Bi Tatu nilimfuata Jangwani. Chumba kilikuwa kitupu, na majirani waliniambia hawajawahi kuwa na fundi pale.

Candida alihamia bweni jingine, akamaliza mwaka kwa shida, akarudi Juni. Haongei sana siku hizi. Chumba kile, aliniambia, hakurudi kuchukua hata nguo.

Wiki iliyopita bahasha kutoka Ufini ililetwa dukani. Niliipokea mimi. Nje palikuwa na jina la chuo na la duka tu, nikadhani ni matokeo ya Candida, nikampelekea. Aliisoma, akanirudishia.

Juu palikuwa na jina la Jacqueline, majina yote matatu. Masomo sita, amefaulu yote. Mahudhurio kamili, mpaka mwisho wa Mei. Chini, mstari mmoja: maombi yake ya kuongeza mwaka wa pili yamekubaliwa.