Hodi ya Fundi

Fundi mmoja mwenye gereji, watu walimbandika jina la Hodi, nalo likamganda. Gari likigoma kuwaka, alijilaza chini yake, akagonga stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa kipini cha nyundo na kupaza sauti, "Hodi humo!" Mkewe, aliyekaa kwenye usukani, alizungusha ufunguo. Stata iliyochoka huamshwa kwa kugongwa, kila fundi anajua. Ile hodi ndiyo aliyoiongeza mwenyewe. Wateja walicheka, na mtu akishazoea kuchekewa, haachi.

Siku hiyo mwalimu mmoja, mama wa makamo, alileta gari la bluu likivutwa kwa kamba.

"Fundi, hili gari linadeka," alisema. "Likitaka linawaka. Lisipotaka, hata ulie. Mafundi wenzako wote wamenyoosha mikono."

"Ulilitoa wapi, mwalimu?"

"Lilikuwa la marehemu kaka yangu. Hakufia ndani, usinitolee macho." Akaharakisha kuondoka. Ufunguo aliuacha juu ya boneti, hakutaka kuutia mkononi mwa mtu.

Betri ilikuwa na chaji. Nyaya zilikuwa safi, zimebana vizuri. Walipojaribu, gari likawaka papo hapo, wakalizima, likagoma. Kilichomkera mke ni kidogo tu: ndani mlinukia marashi mazito, na kiti alichokalia kilikuwa na joto, kama kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

"Joto la jua hilo," mumewe alimwambia.

"Jua gani, baba watoto? Si tuko kivulini?"

 Fundi alikuwa ameshajilaza chini. Ilikuwa mchana wa jua kali, barabara haina mtu. Akagonga. "Hodi humo!"

"Karibu," ikajibu sauti ya kike, taratibu, na gari likawaka.

Fundi akacheka. "Leo umeamua kunijibu!"

"Nimekujibu nini?"

"Si umesema karibu?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Hapo mwenye akili zake angekusanya spana zake. Lakini fundi ni fundi. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayomnyima usingizi, na dawa yake ni kubadilisha kitu kimoja kimoja mpaka aikamate. Akagonga bila kubisha hodi: kimya. Akagonga na hodi: "Karibu," na gari likawaka. Akarudia hivyo hivyo, yakawa yale yale. Na mjinga yule alikuwa anatabasamu kule chini! Ugonjwa ameuona.

"Tuache, naogopa," mkewe alinong'ona. "Nasikia mtu anahema nyuma yangu."

"Mara ya mwisho, nihakikishe tu. Hodi humo!"

Safari hii haikuwa karibu.

"Kila ukibisha nakukaribisha," ilisema sauti, sasa iko sikioni mwake kabisa, "na huingii. Unanidharau?"

Milango ikajifunga. Fundi alichomoka chini, akavuta kitasa hiki na kile, akapiga kioo kwa nyundo na nyundo ikadunda, na ndani akamwona mkewe akigonga kwa viganja, mdomo wazi bila sauti kutoka, ukungu ukipanda kwenye vioo kutoka upande wa ndani, na kwenye kiti cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu, sponji ikibonyea polepole kama anayeketi anajitengenezea nafasi, huku marashi yakizidi hadi yeye aliye nje akashindwa kuvuta pumzi.

"Mwachie mke wangu! Nakuomba, mwachie!"

"Aliyebisha ndiye aingie."

Alimpenda mkewe, tusimwonee. Hakujiuliza mara mbili. "Naingia," alisema, na mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe.

Majirani walimkuta mke chini kwenye vumbi, akilia. Gari lilikuwa limezimika na ndani halikuwa na mtu.

Akaitwa mzee anayetoa majini. Alisoma, akasoma, jasho likamtiririka, mwisho akamvuta mke kando. "Mumeo yu hai, mwanangu. Utamsikia akibisha. Usiitikie, hata kwa bahati mbaya. Ukimkaribisha yeye, umemkaribisha na mwenyeji wake."

Na kweli akabisha. Kila mchana, kutoka kwenye stata: ngo, ngo, "Hodi humo!" kwa sauti ile ile ya utani. Mke aling'ata upindo wa kanga na kulia. Alimtaka mumewe, wallahi alimtaka. Mwalimu hakurudi kulidai gari, na kuliuza ni kumuuza mumewe. Kuhama ni kumtupa. Basi akaigeuza gereji kuwa kaburi, akafunga kufuli, akabaki pale pale, mfungwa asiye na pingu.

Halafu siku moja ikapita bila hodi, na ya pili, na nyingine. Akaanza kula. Akaanza kupika.

Alikuwa jikoni kwake, hatua chache kutoka gereji, anamenya vitunguu, macho yamejaa machozi, mlango wa nyuma ulipogongwa kidogo, vile jirani yake anavyogonga akija kuazima kitu.

"Hodi."

"Karibu, pita," alisema bila kuinua kichwa. Mdomo uliolelewa vizuri haungoji akili.

"Tumeshapita," zikajibu sauti mbili nyuma yake.

Na kule gereji, nyuma ya kufuli, gari likawaka bila kusita.