Mgeni Aliyepanda na Ukungu

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo nimeligeuzageuza kwa miaka mitatu na bado silielewi. Asubuhi ile watu wanne tuliisikia sauti moja, wakati mmoja, ikisema maneno yale yale. Mama mdogo Rukia aliisikia ikipanda kutoka bondeni. Jirani yetu Zainabu aliisikia ikishuka kutoka msituni. Hashimu aliisikia upande wa barabara. Mimi niliisikia nyuma yangu, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Hashimu ni mtoto wa baba yangu mdogo. Tunaishi Mlola, huku milimani, na kati ya nyumba yake na yangu kuna shamba la karoti tu. Mwaka ule kabichi zake zilitoka vizuri, akamwahidi mkewe, Mwanamisi, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: kusafiri bila msiba, bila harusi, bila mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Kwenda Tanga siku tatu, kutazama mji. Zainabu alimtania kisimani kwamba akirudi atakuwa anasalimia watu kwa kidole kimoja. Mwanamisi alicheka hadi maji yakamwagika. Alikuwa na sauti nyororo inayofika mbali. Ukiwa ng'ambo ya bonde ulijua ni yeye.

Walifurahi, wote wawili walinisimulia hivyo. Walizunguka mjini wakitazama majengo ya zamani, wakaenda Raskazone, Mwanamisi akaonja maji ya bahari, akatema, akasema kumbe shuleni hawakudanganywa. Hashimu hakuliweza joto. Usiku alihamia sakafuni, na asubuhi mkewe akamwambia amelala kama mbwa wa sokoni. Siku ya tatu walikwenda kutazama mapango ya Amboni.

Aliyewaongoza ndani alikuwa mzee mmoja mpole aitwaye Jafari, mwenye tochi kubwa. Aliwaonyesha miamba, akawaonyesha pia mahali ambapo watu huacha chupa za marashi na vipande vya kitambaa, akawaomba wasiguse. Walipofika chumba cha ndani kabisa akazima tochi, wapate kulijua giza la pango.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Ukungu ukishuka Mlola huoni mkono wako. Njia ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine ni hewa tupu. Mwenye mzigo wa kuni akimvaa mwenye mzigo wa majani, mmoja wao ataanguka. Kwa hiyo tangu utotoni tunafundishwa kwamba ukisikia mtu usiyemwona, msalimie. Na ukisalimiwa, itikia, taja jina lako, mtaje mwenye nyumba yako, taja unakoelekea. Kisha umkaribishe, hata kama humjui. Anayenyamaza ukunguni ana sababu ya kujificha, na sababu hiyo huku kwetu hatuitaji kwa sauti.

Kule pangoni, kutoka chini, mahali ambapo mzee Jafari alikuwa amesema hapana njia, sauti ya mwanamke ikamsalimia Mwanamisi kwa Kishambaa. Naye akaitikia. Alisema yeye ni Mwanamisi, mke wa Hashimu wa Mlola, na kwamba kesho anarudi nyumbani. Akamalizia na karibu.

Hashimu hakusikia salamu. Alimsikia mkewe tu, akizungumza na giza.

Tochi ikawaka.

"Umezungumza na nani, binti yangu?" mzee Jafari aliuliza kwa kunong'ona.

"Na mama mmoja wa kwetu. Yuko hapo chini."

"Umemtajia jina lako?"

Mwanamisi alikubali kwa kichwa. Mzee hakumkemea. Alisema tu kwamba wao, watu wa pwani, mtu wasiyemwona hawamwitikii, kisha akawatoa kwa njia fupi. Kwenye mlango mwembamba wa pango alisimama kando awapishe. Hashimu akapita. Mwanamisi akapita. Mzee Jafari akabaki vile vile, mgongo kwenye mwamba, tumbo amelibana, kama mtu anayempisha mwingine.

Walirudi, na kwa wiki mbili hapakuwa na lolote. Jua lilikuwa kali, Mwanamisi aligawa samaki wakavu kwa majirani, akasimulia habari za bahari hadi tukazichoka. Kisha ukungu wa Juni ukaanza.

Asubuhi ya kwanza alikuwa njiani na majani ya ng'ombe kichwani. Salamu ikatoka mbali sana, bondeni. Akaitikia kama kawaida, akataja jina, na yeye akamuuliza mwenzake yuko wapi. Sauti ikasema, "Nimefika Korogwe. Naja kwako." Mwanamisi alidhani ni utani wa Zainabu, kwa sababu kutoka Mlola huwezi kumsikia mtu aliye Korogwe, kule chini kwenye barabara ya kutoka Tanga. Alipofika nyumbani alikuwa amepwelewa sauti. Zainabu, siku ile, alikuwa Lushoto tangu jana yake.

Ukungu wa pili, sauti ilisema imefika Mombo. Mwanamisi aliitikia tena, na baada ya hapo akawa anazungumza kwa kunong'ona. Hashimu alimpeleka hospitali. Daktari akamulika koo, akasema ni zima. Mama mdogo Rukia, mama yake Hashimu, akamuuliza kwa nini anaitikia hali anajua. Mwanamisi alilia. Alisema anapanga kunyamaza, anauma kanga kwa meno, lakini salamu ikija mdomo unatangulia. Sikumlaumu. Mimi nina miaka hamsini na nane, na sijawahi kuacha salamu ya ukunguni ipite bila jibu.

Ukungu wa tatu, Soni.

Jioni ile alikaa karibu na mumewe jikoni, akamnong'oneza sikioni. Hashimu alinieleza maneno hayo siku iliyofuata, akiwa ameshika jembe bila kulima.

"Hasemi tena anakuja kwangu. Sasa anasema anarudi kwake."

Baada ya Soni hakuwa na sauti kabisa. Ukimwita Mwanamisi hageuki. Si kwamba hasikii. Ukigonga sufuria anageuka. Ni lile jina. Lilikuwa limeanza kumtoka, kama nguo iliyolegea mwilini.

Ndipo ikaja asubuhi niliyoitaja mwanzo. Ukungu ulikuwa mzito, saa moja na nusu. Mimi na Zainabu tulikuwa uani kwa Hashimu, tumekwenda kumwona mgonjwa. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa jiko. Sauti ikaja.

"Mimi ni Mwanamisi, mke wa Hashimu. Nimefika Magamba. Narudi nyumbani."

Ilikuwa sauti yake. Ile nyororo, inayofika mbali. Ile iliyocheka kisimani.

Tuliingia jikoni mbio. Mwanamisi alikuwa amekaa penye mafiga. Midomo yake ilikuwa inacheza, inayatamka maneno yale moja baada ya jingine. Hapakuwa na sauti hata kidogo.

Kutoka Magamba hadi kwetu umebaki ukungu mmoja tu. Kila mmoja wetu alijua hesabu hiyo. Nyumba ya Hashimu ilikuwa na nafasi ya mke mmoja, na aliyekuwa njiani alikuwa amekwisha kuchukua sauti na karibu jina lote. Akiingia, huyu aliyekaa penye mafiga angekwenda wapi?

Tukakaa kikao mchana ule ule. Mjomba mmoja alishauri arudishwe kwa wazazi wake Bumbuli. Hashimu alikataa, alisema mgeni atakuta mwenyeji ameondoka, ataingia, na siku mkewe akirudi atafunguliwa mlango na Mwanamisi mwingine. Shehe wetu alisoma dua, akasoma vizuri.

Mama mdogo Rukia ndiye aliyesema. Mgeni aliyealikwa hafukuzwi, alisema, tangu azaliwe hajafukuza mgeni. Lakini mgeni akikuta mwenyeji wake amefariki, hupewa pole, huonyeshwa kaburi, hurudi alikotoka. Basi awepo marehemu, na liwepo kaburi. Jina lizikwe ndani ya kanga yake. Mkwe wake apewe jina jingine.

Shehe alisema hawezi kukiswalia kitambaa. Akasema pia hawezi kuwazuia watu walioshikwa na hofu namna ile. Akaaga.

Hashimu alichimba mwenyewe, mteremkoni chini ya nyumba, karibu na makaburi ya wazee wetu. Alichimba kina kamili. Mkewe alikaa kizingitini akimtazama. Tuliweka mle kanga aliyoivaa siku ya pangoni, ile tu, tukafukia. Kisha mama mdogo akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Kuanzia sasa wewe ni Hadija. Ukisikia lile jina jingine, si lako. Umenielewa, mwanangu?" Akamwita Hadija mara ya kwanza. Akamwita mara ya pili. Mara ya tatu akageuka.

Ukungu ukashuka siku ya nne.

Tulikuwa ndani, mlango umefungwa. Hashimu alimkumbatia mkewe kwa nyuma, kiganja chake juu ya mdomo wake. Hatukusikia hatua. Tulisikia kuku wakinyamaza.

"Hodi."

Mama mdogo Rukia akajifunga kanga kichwani. Akatoka peke yake. Akarudishia mlango nyuma yake.

"Mama, ni mimi Mwanamisi."

"Mwanamisi amefariki. Tumemzika Jumatatu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, tone moja, jingine.

"Nilikaribishwa."

"Aliyekukaribisha hayupo tena. Pole."

Mikononi mwa Hashimu mkewe alijipinda kuelekea mlangoni. Alikuwa anataka kuitikia. Niliona shingo yake ikivimba kwa neno lile. Hashimu akabana zaidi. Damu ikatoka kwenye kidole chake alipoumwa, hakuachia.

Nje, ile sauti ikaanza kulia. Ililia kama mwanamke yeyote aliyefika amechelewa. Nasema kweli, nilimwonea huruma.

"Basi nionyesheni kaburi."

Tukasikia mteremko ukikanyagwa. Hatua za mama mdogo nazifahamu, anaburuta mguu wa kushoto. Kando yake zilikuwapo nyingine, nyepesi, zenye maji. Zilishuka pamoja. Zikasimama.

Alirudi peke yake. Alikaa penye moto, akaunyoosha mkono wa kulia juu ya makaa mpaka nikaogopa ataungua. Nilimuuliza amefanya nini. Alisema mteremko ulikuwa unateleza, na mgeni aliomba kushikwa mkono. Hakusema zaidi, wala sikutaka. Mkono ule ulikaa baridi hadi mfungo wa Ramadhani.

Sauti ya Hadija ilirudi baada ya wiki tatu. Ni nzito kidogo kuliko ile ya zamani, haivuki bonde, lakini ni yake, na anacheka nayo. Hashimu anamwita Hadija bila kukosea. Ukungu umekuja mara nyingi, na hakuna tena aliyesema amefika popote.

Ila baada ya mvua za masika kaburi lilititia.

Nimezika watu wengi, najua udongo unavyofanya. Juu ya maiti hushuka, kwa sababu chini kitu kinaachia. Juu ya kanga moja hakuna cha kuachia. Hili lilishuka dhiraa nzima, na mahali liliposhuka palikuwa na urefu wa mtu, papana mabegani, pembamba miguuni. Majani ya pembeni yalikuwa mabichi. Hapakuwa na alama ya jembe wala ya mnyama.

Hashimu alitaka kufukua. Alisema hawezi kulala juu ya kitu asichokijua. Tukakaa kikao tena, na safari hii shehe alibaki hadi mwisho. Mjomba alisema tufukue mchana, watu wote wawepo. Mama mdogo alisema mgeni aliyelala haamshwi. Nilisikiliza pande zote, na niliona kila mmoja ana haki yake.

Ikaamuliwa kaburi lisifunguliwe. Kila linapotitia lijazwe udongo, lisawazishwe, basi. Shehe akauliza nani atafanya kazi hiyo, na wanaume wote tukatazama miguu yetu, Hashimu pamoja nasi.

Hadija ndiye aliyeinuka. Alichukua jembe nyuma ya mlango, akateremka. Limetitia mara tatu hadi sasa, na mara zote tatu amelijaza yeye, peke yake, akipigapiga udongo kwa kiganja mpaka ushikamane. Akiwa kule chini hakuna anayemwita kwa jina lolote.