Kufuli la Mkufunzi

Mkufunzi Josia alikuwa ameingiza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko ndani ya mashine ya kuchambua pamba, akiwaonyesha wafanyakazi namna ya kuondoa nyuzi zilizokwama kati ya misumeno, mashine ilipowaka.

Haikutakiwa kuwaka. Washiriki thelathini waliomzunguka walikuwa wamemwona kwa macho yao akiishusha swichi kuu katika chumba cha jirani, akaipiga kufuli jekundu na kutia ufunguo mfukoni.

"Sasa hata mkurugenzi akitaka, hawezi kuiwasha," aliwaambia. "Anayeingia kwenye mashine ndiye anayekaa na ufunguo."

Mashine ilizunguka kidogo tu, kisha ikazimika. Kidogo hicho kilitosha. Saa tano kasoro robo asubuhi Josia alipakiwa kwenye pikapu ya kiwanda kukimbizwa hospitali, mkono umefungwa kwa fulana tatu za wafanyakazi, na zote zilikuwa zimeloa damu.

Inspekta Elina Luhende alipigiwa simu akiwa kituoni Bariadi. Kabla hajapanda gari alitoa amri moja: "Fungeni geti. Asitoke mtu, awe mkubwa awe mdogo."

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji, na msimu wa kununua pamba ulikuwa bado haujafunguliwa. Ndiyo maana uongozi ulichagua wiki hiyo kwa mafunzo ya usalama kazini. Elina aliingia kwanza chumba cha swichi. Kilikuwa na mlango wake wa kutokea nje, kwa hiyo mtu angeweza kuingia bila kuonekana na waliokuwa kwenye mashine. Swichi ya mashine ile ilikuwa chini. Kufuli jekundu lilikuwa mahali pake, limefungwa.

Koplo Imrani, aliyetangulia hospitali, alifika na ufunguo uliotolewa kwenye suruali ya Josia. Elina akaujaribu. Kufuli likafunguka bila tabu.

"Sasa aliyewasha aliwashaje, afande?" Imrani aliuliza.

"Alifungua, akawasha, akazima, akafunga tena. Ufunguo wa Josia ulikuwa mfukoni mwake, kwa hiyo upo mwingine."

Elina alilitoa kufuli, akalitia mfukoni.

"Wewe umetoka hospitali. Hali yake ikoje?"

Imrani alitazama chini. "Wanamwingiza chumba cha upasuaji. Mkono hawawezi kuuokoa. Mengine daktari hakutaka kuyasema."

Washiriki wote walikuwa wamesimama kwenye mashine, kila mmoja anashuhudia kwa mwenzake. Watu watatu tu waliopaswa kuwepo hawakuwepo: Lukresia, ofisa utumishi aliyeandaa mafunzo, Mabula, fundi umeme, na Constantine, meneja uzalishaji.

Lukresia alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa mafunzo, macho yamevimba. Elina alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Dada Lukresia, makufuli haya mliyowagawia washiriki yamekuja na funguo ngapi?"

"Mbili kila moja. Leo asubuhi Josia alituambia kila mtu atoe ule wa akiba. Tukazitia kwenye kopo, akamimina saruji juu yake mbele yetu. Alisema funguo mbili ni kama kutofunga kabisa."

"Na wa akiba wa kufuli lake?"

"Haukuwepo. Boksi lake lilikuwa na ufunguo mmoja. Alicheka, akasema dukani wamempunja."

"Maboksi yalilala wapi jana?"

"Kwa Bwana Constantine. Ofisi yangu inavuja mvua ikinyesha." Alisita. "Lakini afande, ufunguo wa mlango wa ofisi ile hata mimi ninao. Na Mabula aliingia mle jioni kutengeneza feni."

"Boksi la mkufunzi lilijulikana ni lipi?"

"Yote yalibandikwa majina."

"Nasikia jana mlikwaruzana, wewe na Josia."

Lukresia alijifuta pua. "Alinisema mbele ya watu. Eti semina zangu zote watu wanakuja kula na kupiga picha, halafu wanarudi kuumia vilevile. Niliumia, sikatai. Lakini usiku nikafikiri, nikaona ana haki."

"Mashine ilipowaka ulikuwa wapi?"

"Ofisini nachapa vyeti. Umeme wa gridi haukuwepo tangu asubuhi, tulikuwa kwenye jenereta. Ghafla ukakatika jengo zima la ofisi, printa ikang'ang'ania cheti katikati. Nikasikia watu wanapiga mayowe kule kiwandani. Nimekivuta kwa nguvu, hiki hapa." Alimnyooshea karatasi iliyochapwa nusu, nusu nyingine tupu.

Elina alikichukua, akamshukuru, akatoka.

Kibandani kwa walinzi kulikuwa na kelele. Wafanyakazi walikuwa wamekizingira, na ndani alikaa Mabula, shati lake limechanwa begani. "Mtoeni! Huyu ndiye alimuua Kija!" mmoja alipaza sauti. Mwingine alikuwa ameokota kipande cha nondo. Elina alimwendea huyo wa nondo, akamnyooshea kiganja bila kusema neno mpaka akakikabidhi. Kisha akaingia kibandani na kufunga mlango.

"Mwadila, baba," alimsalimu kwa Kisukuma.

Mabula, mtu wa makamo mwenye mikono mipana, aliinua uso kwa mshangao. "Mwadila, mayu," aliitika, akimwita mama.

"Kija ni nani?"

"Kijana wa Lagangabilili. Alikufa miaka sita iliyopita kwenye mashine ileile. Alikuwa ndani anasafisha, mtu akawasha swichi. Ikasemwa ni mimi. Polisi walikosa ushahidi wakaniachia, kiwanda kikanirudisha baada ya mwaka mzima. Lakini jina nilishapewa."

"Uliwasha?"

"Sikuwasha. Nilikuwa getini naunga taa."

"Kwa nini umetoka kwenye mafunzo leo?"

Mabula alikunja ngumi, akazikunjua. "Jana Josia alisema leo, baada ya kuonyesha kufuli, tutarudia ajali ya Kija hatua kwa hatua. Kila aliyekuwepo siku ile asimame pale pale alipokuwa. Nikajisemea, nisimamishwe tena mbele ya watu? Nikaenda zangu kwenye jenereta."

"Nani alikuona huko?"

"Hakuna."

Nje nondo nyingine iligonga bati la kibanda, na sauti ya Imrani ikasikika ikikemea.

"Niambie ulichokiona huko kwenye jenereta. Usiruke kitu."

"Nilikuwa nimekaa. Jenereta ikalemewa ghafla, ikakoroma kama ng'ombe anayechinjwa. Nikajua mashine kubwa imewashwa. Swichi ya jengo la ofisi ikajikata yenyewe. Nikakimbilia kiwandani, nikamkuta Josia yuko hivyo. Umeme wa ofisi nimeurudisha baadaye sana, gari lenu lilipokuwa linaingia getini."

"Katikati hapo ofisi hazikuwa na umeme kabisa?"

"Hata balbu."

Constantine alimpokea Elina ofisini kwake kwa heshima, akamsogezea maji ya chupa. Alikuwa mtu mtanashati, shati jeupe limepigwa pasi. Feni ya mezani ilikuwa inazunguka kwa kelele za kukwaruza.

"Pole kwa kazi, afande. Ni msiba. Josia nimefanya naye kazi hapa akiwa kibarua, kabla hajaenda kusoma."

"Miaka sita iliyopita?"

"Ndiyo. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu." Alishusha sauti. "Sipendi kumsema mtu, lakini unajua historia ya Mabula. Jana Josia alipotaja kurudia ile ajali, Mabula alibadilika uso. Kila mtu alimwona."

"Wewe ulikuwa wapi mashine ilipowaka?"

"Hapa hapa. Nilikuwa naandika ripoti ya matengenezo kwa mkono."

"Kiwanda kiko hapo ng'ambo ya ua. Hukusikia mashine?"

Constantine alitabasamu kwa huzuni, akaelekeza kidole kwenye feni. "Na hii? Mabula aliitia grisi jana lakini ni bure. Ikiwa inazunguka sisikii hata simu. Nilichokuja kusikia ni watu wanalia koridoni. Nikatupa kalamu, nikakimbia, nikaiacha inazunguka."

Elina alikunywa maji kidogo. Akaweka chupa chini taratibu, kama anayeogopa kumwaga.

"Ahsante, Bwana Constantine. Twende kiwandani. Nataka kumalizia somo la Josia."

Saa nane mchana washiriki wote walikuwa wamesimama kuizunguka mashine. Sakafuni palikuwa pamemwagiwa mchanga.

"Mliokuwepo siku aliyokufa Kija," Elina alisema, "kila mmoja aende aliposimama siku ile. Usimwangalie mwenzako. Nenda ulipokuwa."

Kisha Nyanda, mpakiaji wa marobota ya pamba, alitoka kwenye kundi akaenda kusimama kwenye mlango mkubwa. Wengine wanne wakamfuata, mmoja kwenye ngazi, watatu karibu na mzani. Mabula alipita katikati ya watu, akatoka nje kabisa, akavuka ua hadi getini. Aligeuka akasimama, mtu mdogo kwa mbali, jua limempiga utosini.

"Kwamba alikuwa pale, ni uongo?" Elina aliwauliza.

Nyanda alimtazama Mabula kule getini. "Si uongo," alisema. "Mimi nilikuwa mlangoni hapa. Nilimwona anakuja mbio kutoka getini wakati Kija ameshapiga kelele. Nilidhani wenzangu walioko ndani ndio wanajua zaidi. Na hakuna aliyeniuliza."

"Mtu hawezi kuwasha swichi akiwa getini," Elina alisema. "Wewe, Bwana Constantine, mbona hujaenda sehemu yako?"

"Mimi sikumbuki. Ni miaka mingi."

"Alikuwa pale," alisema mtu wa kwenye ngazi, naye alionekana kushangazwa na maneno yake mwenyewe. Alielekeza mlango wa chumba cha swichi. "Alikuwa pale, anafoka tumechelewa."

Watu walinong'ona. Constantine alivuta pumzi. "Afande, hiyo ni ajali ya zamani. Leo nilikuwa ofisini, nimeshakueleza."

"Umenieleza. Hebu waeleze na hawa kwa nini hukusikia mashine."

"Feni yangu ina kelele. Wote wanaijua."

"Ilikuwa inazunguka mpaka ulipotoka?"

"Nimekwambia niliiacha inazunguka."

"Dada Lukresia, umeme ulikuwepo ofisini?"

Lukresia alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Haukuwepo," alisema polepole. "Ulikatika pale pale mashine ilipowaka. Ukarudi mlipofika ninyi."

"Mashine ilipowaka, jenereta ilizidiwa na ofisi zote zikazimika," Elina alisema. "Aliyekuwa ndani ya jengo lile asingeweza kukosa kujua. Lukresia alijua, printa yake ilikwama. Mabula aliiona swichi ikijikata. Wewe tu ndiye feni yako ilizunguka bila umeme. Hukuwepo ofisini, Bwana Constantine."

Uso wa Constantine ulikuwa unang'aa jasho. "Nimechanganya. Mtu akipata mshtuko anachanganya."

"Inawezekana. Weka funguo zako hapo juu ya meza ya bati."

Hakutii. Imrani alipiga hatua moja. Constantine akatoa rundo la funguo mfukoni, likalia lilipogusa bati.

Elina alizipekua moja moja. Zilikuwa za ofisi, za gari, za bohari. Akatenga mbili ndogo, mpya, zinazofanana rangi. "Kila mshiriki alibaki na ufunguo mmoja wa kufuli. Wewe unazo mbili." Alichukua kufuli la Josia. Ufunguo wa kwanza uligoma. Wa pili ulizunguka, na kufuli likaruka wazi kwa mlio mdogo uliosikika mpaka mlangoni.

"Geti lilifungwa mapema mno," Elina alisema. "Hukupata pa kuutupa."

Constantine alikaa juu ya robota la pamba.

"Sikutaka kumuua," alisema. "Nilitaka igutuke tu. Waogope, somo lisitishwe, aondoke na semina yake."

"Alikuwa na mkono ndani."

"Nilidhani angekuwa anaongea bado. Huwa anaongea sana kabla ya..."

"Na Kija?"

"Tulikuwa nyuma ya lengo la siku. Niliuliza kama tayari, mtu akajibu tayari. Nilidhani ni Kija. Nikawasha. Kumbe hakuwa Kija aliyejibu." Alifunika uso. "Mabula hakuwa na mtu wa kumtetea. Nilisema jina lake mara moja tu. Sikujua litamkaa hivyo."

Mabula alikuwa amerudi kutoka getini, amesimama nyuma ya watu. Walimpisha njia bila kuambiwa. Alimtazama Constantine akifungwa pingu, akamfuata kwa macho hadi gari lilipotoka, kisha akaenda kuzima jenereta.

Jioni daktari alimruhusu Elina kumwona Josia. Mkono wa kulia haukuwepo tena. Alisikiliza yote akiwa amefumba macho.

"Nilimwona Mabula getini siku ile," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuwa kibarua, nikaogopa. Nikasema nitakuja kulisema nikiwa na cheo cha kusikilizwa." Machozi yakamtoka. "Aende mtu kwa mama yake Kija. Asisikie redioni."

Kesho yake asubuhi Elina aliendesha mwenyewe mpaka Lagangabilili, Mabula akiwa kiti cha nyuma. Walipofika uani kwa mama huyo, Mama Milembe, Mabula alikataa kushuka.

"Nilikuja kuzika, wakanifukuza kwa mawe," alisema. "Nitakaa humu."

Elina alimkuta Mama Milembe anapura mtama. Alikaa naye chini, akamweleza kila kitu, tangu swichi hadi ufunguo. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Na yule tuliyemfukuza kwa mawe, yuko wapi?"

"Yupo kwenye gari, mayu."

Mama Milembe aliinuka kwa kujishika goti. Alikung'uta makapi kwenye kanga, akatembea hadi kwenye gari, akajaribu mlango, akaukosea, akajaribu tena mpaka ukafunguka. Mabula alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama alimshika mkono, akauvuta.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Nikuonyeshe alipolala."