Kopo Lililorudi Tupu

Kila Alhamisi, nyumbani kwa kina Ketaki mjini Satara, India, hapakupikwa wali wala chapati. Bibi aliamka mapema, akaoga, akawasha taa ya sala, kisha akakaanga sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo, pamoja na viazi na karanga. Huo ndio ulikuwa mfungo wao: nafaka mwiko, sabudana ruhusa.

Alhamisi moja Baba alitoka kabla chakula hakijaiva. Alikuwa fundi cherehani. Kwa miezi miwili kiu haikumwisha, na kidole cha mguu alichoangushia mkasi kilikataa kupona. Muuguzi wa zahanati alimwagiza aje kupimwa damu akiwa amefunga.

"Kaondoka na tumbo tupu!" Bibi alisema. "Ketaki, kimbia, mpelekee kopo hili la sabudana huko zahanati kabla hujaenda shule."

"Lakini Bibi, si ameambiwa afunge?"

"Na hiki ni nini, kama si chakula cha mfungo? Nimefunga miaka hamsini, leo utanifundisha wewe?"

Njiani Ketaki alikutana na rafiki yake Pallavi.

"Lo, zinanukia karanga! Za nani?"

"Za Baba."

"Baba yako na kitambi kile! Akikosa leo atakufa? Tuonje tu."

Wakaonja kijiko kimoja, kisha kingine. Kengele ya shule ilipolia, kopo lilikuwa tupu. Ketaki aliporudi nyumbani alimkabidhi Bibi kopo bila kumtazama usoni. "Amekula zote. Amesema zimekolea."

Jioni Baba alirudi na karatasi mkononi. Sukari ilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na ya mtu mwenye afya kabla ya kula haivuki mia. Alikuwa ameambiwa arudi kumwona daktari.

Bibi aliduwaa, kisha akapiga makofi. "Ni viazi vyangu hivyo! Ketaki si alikuletea sabudana? Ulikula kabla ya kutolewa damu?"

Baba alimtazama Ketaki. Ketaki akajiambia: Sasa atasema hakuletewa chochote.

"Ndiyo, Mama," Baba alisema taratibu. "Nilikula."

"Basi! Mungu mkubwa! Nusura unitoe roho."

Bibi alicheka, lakini Ketaki hakucheka. Baba hakuwa amekula. Kwa hiyo sukari ile ilikuwa ya kweli, na Baba alijua. Ukutani ilining'inia picha ya Babu. Kila mtu nyumbani alijua habari zake: kidonda cha kisukari kilianzia kidoleni, mguu ukakatwa juu ya goti, na mwaka haukuisha akafariki.

Jumapili asubuhi Ketaki aliona soksi ya Baba ina doa jeusi. Ilikuwa na harufu.

"Baba, twende kwa daktari."

"Shh!" Baba alichungulia mlangoni. "Mama yako yuko kwao, wiki hii anajifungua. Unataka apate mshtuko? Wewe una lako, mimi nina langu. Tunyamaze wote."

Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyefungiwa gizani. Ketaki hakuwahi kumwona Baba akiogopa, na hilo lilimtisha kuliko soksi.

Jioni ile Bibi alipiga magoti mbele ya taa. "Asante, Mungu, kwa kumwepusha mwanangu na ugonjwa wa baba yake. Ketaki, washa taa, mama."

Kibiriti kikamponyoka Ketaki, kikaanguka. "Bibi, usimshukuru. Sabudana nilikula mimi na Pallavi. Baba hakula hata punje."

Bibi hakumpiga. Alikaa sakafuni, mkono kifuani. Kisha akapaza sauti, akimwita Baba kwa jina lake: "Sadanand! Njoo hapa. Na uvue soksi."

Asubuhi iliyofuata walikwenda zahanati wote watatu. Safari hii Bibi hakupika kitu. Baba alinywa maji tu, damu ikapimwa upya. Mia mbili na tano.

"Lakini daktari," Bibi aliuliza, "kisukari si ugonjwa wa wanene? Tazama mikono ya huyu, kama vijiti!"

Daktari Patankar alitabasamu. Akauchukua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwa Baba, akamzungushia tumboni. Sentimita tisini na nane.

"Mafuta yake yamejificha hapa, mama. Nayo si mzigo uliolala tu. Yanatia homoni ndani ya damu. Iko homoni moja njema inayousaidia mwili kuipokea sukari. Mafuta ya tumbo yakizidi, hiyo hupungua, na zile za kuleta madhara huongezeka. Hapo insulini, homoni ya kuiingiza sukari mwilini, inabisha hodi, mwili haufungui mlango, na sukari inabaki damuni ikizuia vidonda kupona na kuharibu macho na figo."

"Mguu wangu?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutauokoa. Ungekuja mwezi ujao, nisingesema hivyo."

Baba alipewa dawa, kidonda kikawa kinasafishwa kila siku. Kila alfajiri alitembea mpaka chini ya kilima na kurudi, Ketaki kando yake. Mama aliporudi na mtoto mchanga baada ya wiki kadhaa, kidonda cha kidole kilikuwa kimekauka.

Siku hiyo Bibi alimwita Ketaki. "Mimi nilikosea kwa kutojua. Mfungo wa hospitali ni maji matupu, sasa nimejifunza. Ila wewe ulijua. Ulisema uongo mdogo, wa kuficha ulafi. Baba yako akauchukua akafichia ugonjwa. Mjukuu wangu, uongo ukishautoa mdomoni, huchagui tena utafanya kazi gani. Siku ile uongo wako ungeweza kumla baba yako."

Ketaki aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nilishakusamehe pale kibiriti kilipoanguka."

Tangu hapo, kila Alhamisi kabla ya sala, Baba hujizungushia utepe tumboni na Ketaki husoma.

"Tisini na tano na nusu."

"Sema tisini na tano, mwanangu, Bibi afurahi."

"Na nusu, Baba."